Mbwa wa Rika Letu, Mbwa wa Wajukuu

Rika letu, sisi tuliokulia vijiji vya kando ya Serengeti, tulifuga mbwa bila kumhesabu kuwa mfugo. Ng'ombe aliogeshwa, mbuzi akatibiwa. Mbwa alilinda boma usiku, akala makombo, basi. Kichaa cha mbwa kikiingia, vijana walishika marungu wakapita boma hadi boma wakiua wazima kwa wagonjwa. Lakini boma halikai bila mlinzi. Watu walileta watoto wa mbwa kutoka kijiji jirani, nao hawakuwa na kinga yoyote, ugonjwa ukarudi.

Aliyeng'atwa alipelekwa kwa mganga. Akishaanza kuogopa maji huku kiu inamtesa, hakuna wa kumponya. Hata leo, dalili zikishajitokeza, karibu wote hufa. Watoto ni wengi miongoni mwao, kwani ndio wanaocheza na mbwa. Na chanjo ilikuwapo! Louis Pasteur alimchanja mtoto aliyeng'atwa mwaka 1885. Haikutufikia.

Mwaka 1994 simba wapatao 1,000 walikufa Serengeti, theluthi ya simba wote wa pale, kwa distempa, virusi vilivyokuwa vikisambaa kwa mbwa wetu wa vijijini. Miaka iliyofuata wataalamu wakaja na maboksi ya barafu, wakachanja mbwa dhidi ya kichaa, distempa na parvo, ugonjwa mwingine wa mbwa. Waliowaleta mbwa walikuwa watoto, kamba mkononi, kila mmoja akimjua mbwa wake kwa jina. Wazee kadhaa walibaki kivulini wakinong'ona kwamba sindano itamfanya mbwa awe mpole, asibweke tena. Nawaheshimu sana watoto wale. Walibishana na baba zao kwa adabu, wakashinda.

Sasa wamekuwa wazazi, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Wengine wanaona mbwa akishachanjwa mara moja kazi imekwisha. Mbwa wa kijijini haishi miaka mingi: hawa wanakufa, wale wanazaliwa, na baada ya mwaka mmoja tu boma limejaa wasio na kinga. Ili kichaa kikose pa kupita, mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe, na zoezi lirudiwe kila mwaka. Vitoto vya mbwa navyo visiachwe nyumbani kwa kuwa ni vidogo. Na paka wa ghalani, ambaye hakuna anayemkumbuka siku ya chanjo, atiwe kikapuni apelekwe pamoja nao, maana naye huambukizwa, naye hung'ata.