Mama wa ETC

Baba alikuwa na nissan, na nissan yenyewe ilikuwa Toyota. Wa Nairobi hahitaji kuelezwa: mathree yoyote ya abiria 14 ni nissan tu. Ilitoka Japani ikiwa imetumika, ikaja na vitu vitatu ambavyo hakuna aliyeviondoa. Redio iliyokomea 90, kwa hivyo abiria wa Baba walisikiza Ghetto Radio 89.5 watake wasitake. Maandishi ya Kijapani mlangoni, ambayo makanga aliwaambia kina mama wa kanisa kuwa yanasema Mungu ni mwema. Na mwanamke. Kila asubuhi Baba akiwasha injini, mwanamke huyo alisema maneno machache kwa sauti tamu, akanyamaza. Baba naye humjibu: "Salama, mama, habari ya Tokyo?" Mama yangu hakuwahi kuona cha kuchekesha hapo.

Mwaka 2018 nissan iliuzwa nikaenda chuo. Katikati ya mwaka wa pili nikaacha. Sikufukuzwa wala sikufeli. Niliacha kwenda darasani kidogo kidogo mpaka ikawa nimeacha chuo. Siku hizi naandikia watu: maelezo ya bidhaa, hotuba za harusi, chochote kinacholipwa kwa M-Pesa. Baba hajawahi kuniuliza kuhusu ile pesa. Afadhali angeuliza.

Japani kwenyewe siwezi kwenda, basi naendea ile iliyo karibu. Napanda mathree pale Railways, nashuka Community, natembea hadi Mara Road, Upper Hill. Ndani ya ubalozi kuna Kituo cha Habari na Utamaduni cha Japani. Nakaa na vitabu. Nimejua kwamba treni ya kasi ikitoka Tokyo kwenda Osaka, anayetaka kuona mlima Fuji hukaa upande wa kulia. Sina haja na habari hiyo, lakini sasa ninayo. Na nimejifunza herufi. Kijapani kinapenda irabu mwishoni mwa neno kama sisi, na maneno ya Kizungu kinayatohoa bila aibu: kadi ni kaado, mlango ni doa. Doa! Siku niliposoma hilo ndipo nilipofumbua yale maandishi ya nissan yetu. Jidō doa. Mlango wa otomatiki. Mashine yake ilikuwa imekufa zamani, na makanga aliubamiza mlango huo miaka yote huku akihubiri wema wa Mungu.

Mwanamke alinichukua wiki mbili zaidi. Maneno yake nilikuwa nayakumbuka kwa sauti tu, kama wimbo wa nasari. *ETC kaado ga sōnyū sarete imasen.* Kadi ya ETC haijaingizwa. Huko kwao kuna barabara za kulipia; unaweka kadi kwenye kifaa ndani ya gari, ukifika kizuizini kinajiinua chenyewe. Hakuwa anasalimia mtu. Alikuwa anadai kadi. Expressway yetu ya kulipia, ile ya Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa 2022, nissan ikiwa imeshauzwa, na hata hivyo kadi anayoitaka yeye haingefanya kazi pale.

Jumatano hiyo sikurudi tao. Nilipanda ya Dagoretti Corner. Kipande hicho cha Ngong Road, kutoka Community hadi Dagoretti Corner, kilipanuliwa kwa msaada wa Japani, kwa hivyo nilikuwa ndani ya gari la Japani, juu ya barabara ya pesa za Japani, upande wa kushoto kama wanavyoendesha wao. Dereva peke yake ndiye alikuwa wa kwetu, na alituonyesha hivyo kila tulipofika kwa mataa.

Nikashuka, nikatembea Naivasha Road hadi Riruta. Siku hizi Baba anaendesha gari la shule, la mwenyewe. Nilimkuta analiosha. Nikamwambia.

"Kadi?"

"Kadi, Baba."

Akakamua kitambaa, maji yakaisha, akaendelea kukamua. "Kwa hivyo miaka yote hiyo huyu mama ananidai, na mimi namsalimu."

Alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akaacha kucheka, akafungua upande wa dereva, akateremsha kile kibao cha kukinga jua. Kilikuwa na karatasi iliyobanduka pembeni, maandishi ya Kijapani juu mpaka chini.

"Na hapa?"

Herufi nyingi zilikuwa zile ngumu, sizijui. Nikatafuta ninazozijua, nikaweka kidole. "Ea... ba... ggu. Eabegi. Wanakuonya kuhusu eabegi."

"Hiyo unafunzwa wapi?"

"Najifunza tu. Kuna mahali Upper Hill."

"Wanalipisha?"

"Hapana. Ni nauli tu."

Akapangusa mikono kwenye suruali, akatoa mia mbili, akaikunjua.

"Ni Jumatano pekee," akaniuliza, "ama unaweza kwenda hata kesho?"