Pasi ya Jogoo

Mpwa wangu aliiuza pasi ya mkaa ya marehemu mjomba kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Hakuiba. Aliikuta uvunguni imeota kutu, akaipeleka kwenye mzani pamoja na sufuria mbovu na kipande cha jembe. Nilipomuuliza alinijibu kwa adabu kabisa: "Mjomba, nisamehe, mimi nilidhani ni kitu cha kubebea moto." Kijana wa miaka kumi na tisa, mzaliwa wa Mahurunga hii hii.

Nilikwenda mbio kwa mnunuzi, nikaikuta chini ya rundo la mabati, jogoo wake amechungulia nje. Jogoo ni kile kikomeo cha mbele kinachofunga kifuniko, kimetengenezwa kwa umbo la jogoo mwenye upanga wake na mkia. Utotoni tuligombania kumshika akiwa amepoa. Mzani ulisema kilo tatu na ushei. Nikalipa kwa bei ya chuma, nikarudi nayo nimeikumbatia.

Mjomba alikuwa dobi. Kazi alijifunzia Mtwara mjini, akiwafulia Wazungu waliokaa Shangani. Pasi, alisema, aliinunua dukani Mikindani "mwaka wa bandari". Nimejaribu kuutafuta mwaka huo. Bandari ilianza kujengwa 1948 ikamalizika 1954, na katikati yake, 1951, mradi wa karanga ulioileta ukafa. Marehemu mama naye alishikilia kwamba pasi ilikuja baada ya dada yangu kuzaliwa, jambo linalovuruga hesabu zote. Basi na ubaki mwaka wa bandari.

Huko Shangani aliiona mashine ya kukamulia nguo: magogo mawili ya mviringo yamebanana, na mkono wa kuzungusha. Shuka liliingia likichuruzika, likatoka bapa. Aliporudi kijijini hakuwa na mashine hiyo, alikuwa na sisi. Wawili tulishika ncha za shuka, mmoja akisokota kulia na mwingine kushoto, mpaka linajikunja lenyewe kama kamba ya jahazi. Kisha kamba ya kuanikia, na upepo wa kusi ukamaliza kabla ya adhuhuri.

Wanga aliutengeneza mwenyewe. Muhogo mbichi unamenywa, unakwaruzwa kwenye bati lililotobolewa kwa misumari, unakamuliwa kwa kitambaa, maji yake yanaachwa yatulie. Chini hubaki utelezi mweupe kama chokaa. Aliukoroga kwa maji baridi kidogo, kisha akamimina yanayochemka bila mkono kupumzika, mpaka ukawa kama uji mwepesi unaopitisha mwanga. Ukizubaa unapata madonge, na donge likikaukia kwenye kanzu halifichiki. Mwisho alichovya bluu iliyofungwa kitambaani, mara tatu tu. Ya nne ingeifanya kanzu kuwa ya samawati.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya pasi, kwa sababu ya Ijumaa. Mkaa wake ulikuwa wa vifuu vya nazi, ambao alisema haurushi cheche. Maganda ya korosho, yaliyojaa kila ua kwetu, aliyapiga marufuku: mafuta yake huunguza ngozi na moshi wake ni mchafu. Akishaipepea pasi ikakolea, aliipitisha mara mbili juu ya jani bichi la mgomba ili chuma kiteleze. Halafu alijaza maji mdomoni na kuyapuliza juu ya kanzu, yakatua kama umande. Jani lililoungua, wanga, vifuu: hiyo ndiyo harufu ya Alhamisi kwangu. Walimu, makarani wa ushirika, mabwana harusi kutoka vijiji vya jirani, wote walingojea barazani. Ng'ambo ya Ruvuma kukiunguruma kwa vita vya ukombozi wa Msumbiji, mjomba aliinua kichwa, akasikiliza, akaendelea na kola.

Mengine yalikwenda haraka. Sabuni iliadimika mwanzoni mwa miaka ya 80, tukafulia majani ya mpapai. Ikaja tetroni, isiyovumilia moto, kisha mitumba ambayo watu huikung'uta na kuivaa. Mjomba akafa. Gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa 1982 karibu na kwetu, ilikaa ardhini zaidi ya miaka ishirini kabla ya kuiwashia Mtwara taa.

Umeme nilifurahi kuupata, lakini kinachoniudhi ni jinsi tunavyotupa. Jirani mmoja alileta mashine ya kufulia ya mtumba, ile yenye matumbo mawili, la kufulia na la kukamulia. Ilifanya kazi msimu mmoja wa korosho. Ilipozima hakuna aliyejaribu hata kufungua skrubu moja, na leo kuku hutagia ndani. Mjomba hakuwa na shule, lakini kila kitu alichotumia alijua kinavyofungika na kufunguka.

Basi nilimkalisha mpwa wangu chini, tukaanza. Pini ya bawaba ilikuwa imeshikana na kutu. Tuliilowesha kwa mafuta ya taa usiku kucha, asubuhi ikatoka kwa pigo la pili la nyundo. Ndani tulisugua kwa mchanga na majivu, chini kwa msasa mkavu, tukiufuata urefu wa pasi ili mikwaruzo isikamate uzi. Chanja cha ndani kilikuwa kimeliwa, tukakata kingine kwenye bati nene. Mpini uliokuwa umeoza tulimpelekea mchonga vinyago, akatuchongea wa mpingo, mweusi na mzito, unaojaa kiganjani. Jogoo hatukumgusa ila kwa ukwaju, mpaka upanga wake ukang'aa.

Idi iliyopita umeme ulikatika asubuhi. Kanzu yangu aliinyoosha mpwa wangu, kwa vifuu na jani la mgomba.

Nawe msomaji, chungulia uvunguni kabla mwenye mzani hajapita. Ikiwa jogoo yupo, iloweshe ile pini usiku wa leo.