Hesabu ya Bweni Letu

Muhula uliopita mwenzetu mmoja wa bweni alifiwa na baba yake, nasi tisa tuliosalia tukakubaliana kumchangia rambirambi. Kwa kuwa nasifiwa hesabu, nilipewa kazi ya kukadiria mchango. Nikaandika akiba ya kila mtu: wawili walikuwa na shilingi 2,000, wawili 3,000, mmoja 4,000, wawili 5,000, mmoja 6,000, na mmoja, ambaye kwao wana malori, 60,000. Jumla 90,000. Nikagawanya kwa tisa, nikapata wastani wa 10,000, nikatangaza kwa sauti kubwa kwamba kila mtu atoe robo yake, yaani 2,500.

Jioni ile rafiki yangu hakuja kula. Nilimkuta nyuma ya jiko akitafuta mtu wa kununua kalamu yake ya wino. Alikuwa mmoja wa wale wa 2,000, nami nilikuwa nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe!

Niliona haya mno. Nikazipanga zile namba kutoka ndogo hadi kubwa, nikahesabu mpaka ya tano, iliyo katikati kabisa: 4,000. Njia hii tulifundishwa, lakini niliidharau kwa wepesi wake. Watu wanane kati ya tisa hawakuufikia wastani wangu; tajiri mmoja aliuvuta juu peke yake. Hata angekuwa na laki sita, namba ya katikati isingetikisika.

Robo yake ni 1,000. Kila mtu alitoa, na yule wa malori akaongeza bila kuombwa. Kalamu, lakini, ilikuwa imekwisha kuuzwa.