Funguo za Mwenye Nyumba

"Acha nikiruti, dada. Dakika ishirini tu," fundi aliniambia pale Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Kishikwambi cha Baba kilikuwa tayari kimechomekwa kwenye kompyuta yake. Nilikichomoa nikasema nitarudi Jumamosi. Sababu sikumpa.

Nyumbani, Mama aliposikia neno kuruti alidhani ni mambo ya JKT. "Kinaenda kambini kufanya nini?" Nilicheka, kisha nikagundua kwamba hata mimi siwezi kumweleza vizuri.

Baada ya siku tatu za kusoma, nilimweleza hivi. Ndani ya Android kila programu ni mpangaji. Ina chumba chake na namba yake ya utambulisho, na mpangaji mwenzake haruhusiwi kuchungulia. Wewe uliyelipa hela dukani nawe ni mpangaji, ingawa hukuambiwa. Yuko mwenye nyumba mmoja tu, ana funguo za vyumba vyote, na kuruti kifaa ni kujitwalia funguo zake.

Baba alifariki 2019. Miaka yake miwili ya mwisho, figo zilipokuwa zinamtesa na usingizi umemkimbia, alikuwa akijirekodi usiku kwenye programu moja ya shajara: ngano za Kisambaa alizopewa na mama yake kule Lushoto, nani kamzaa nani, mpaka wa shamba uko kwenye mti upi. Rekodi arobaini na moja. Programu inazicheza vizuri, lakini haina kitufe cha kuzituma popote, na aliyeitengeneza ameshaiondoa sokoni. Zimefungiwa chumbani mwake. Betri nayo imechoka; ukichomoa chaji, kishikwambi kinazima baada ya dakika kumi.

Kingekuwa kifaa cha kawaida ningeshaamua. Ukiruti unafuta programu za kiwandani zinazokula nafasi (hiki kina GB 8 tu, na mpangaji asiyelipa kodi amejaa kila kona). Unaweza kuhifadhi nakala ya kila kitu. Hasara zake nazo zinajulikana: dhamana mara nyingi inakufa, programu nyingi za benki hukataa kufunguka, na programu mbaya ikipata ruhusa hiyo, nayo inakuwa mwenye nyumba. Dhamana ya kishikwambi cha 2014! Hilo niliruka.

Kilichonikwamisha ni mlinzi wa getini, yaani butiloda, ile programu inayoamka kwanza kifaa kinapowashwa na kuamua mfumo upi uingie. Njia ya kawaida ya kuruti huanza kwa kuifungua, na kwenye vifaa vingi ukiifungua, kila ulichohifadhi kinafutwa. Imekusudiwa hivyo, ili mwizi aliyekikwapua kwenye daladala asipitie hapo kusoma mambo yako. Sheria nzuri, siwezi kuilaumu. Ila kwa kishikwambi, mimi na mwizi ni mtu mmoja. Nikitaka ufunguo wa chumba cha Baba, lazima kwanza chumba kichomwe moto. Fundi hakunitahadharisha, nami sikuwa nimemwambia kilichomo.

Nilijaribu kuchukua nakala kwa waya, kwa amri za adb ambazo hazihitaji kuruti. Likaja faili tupu, kwa sababu mtengenezaji wa programu alikuwa amezuia nakala. Ikabaki njia moja. Juni 2014 Mmarekani George Hotz alitoa Towelroot, iliyopenya kwenye dosari ya kerneli ya Linux na kuruti vifaa vingi vya Android 4.4 bila kugusa butiloda, bila kufuta chochote. Hiki ni 4.4, na kerneli yake ni ya Machi mwaka huohuo. Usiku ule sikulala. Faili lenyewe nililipata kwenye tovuti ya watu nisiowajua, na sikuwa na namna ya kuhakikisha kwamba ni lilelile. Tena kifaa kikigandia kwenye nembo, dawa ya kawaida ni kukirudisha kilivyotoka kiwandani, na hapo kila kitu kinaondoka. Kingekuwa kitupu ningejaribu huku nakunywa chai.

Mama ndiye aliyeuliza kwa nini nisiweke simu yangu pembeni nikarekodi. Nikaanza kumweleza habari za ubora wa sauti, mwangwi, kelele za nje. Aliniacha nimalize, kisha akaenda kuzima feni.

Tumefika ya ishirini na sita. Tunafanya baada ya isha, kishikwambi kikiwa kwenye chaji. Bodaboda zinaingia, mbwa wa jirani anaingia. Mama aliahidi kunyamaza na mara nyingi anajitahidi, lakini kwenye ya kumi na nne Baba anasema mpaka wa shamba ni pale penye mringaringa.

"Mkuyu," Mama akamjibu. "Mringaringa ulikatwa. Ndivyo ulivyokuwa unabisha."

Baba akaendelea na habari za mfereji. Niliuliza kama turudie. Mama akatikisa kichwa, akanyoosha kidole kwenye simu, maana ilikuwa bado inarekodi.

Zimebaki kumi na tano. Towelroot ipo kwenye kompyuta yangu, kwenye folda niliyoiita Baadaye.