Mzee Majuto alimchekesha mama

Vijana wenzangu, leo namkumbuka Mzee Majuto, jina lake Amri Athumani, mtu wa Tanga. Alifariki tarehe 8 Agosti 2018, hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam.

Tulipofika Nyarugusu toka Fizi, mama alikuwa hacheki kabisa. Baba tulimzika njiani. Jioni moja nikamvuta mama mpaka banda la video, shilingi 200 kila mtu. Majuto kwenye filamu alikuwa anamgombeza kijana wake, ametoa macho. Mama akacheka mpaka akashika tumbo. Halafu akalia. Akaniambia, "Huyu anagomba sawa na baba yako."

Siku ile habari ya kifo ilipofika, banda lilijaa. Watu wanacheka huku wanafuta machozi. Mama hakwenda. Alikaa tu mlangoni, akasema, "Nimefiwa mara ya pili."

Sasa najitolea kwenye ugawaji wa chakula. Unga na mafuta tunaandika kwenye karatasi, kila familia na kiasi chake. Ile siku mama alicheka haikuandikwa popote. Ndiyo naiandika hapa.

Mungu amlaze mahali pema.