Mji wa Turin na Kelele za Kiwanjani

Mtu asafiriye kwa gari la moshi kutoka mji wa Milan kuelekea magharibi, katika nchi ya Italia, hupita katika uwanda mpana wenye mashamba ya mpunga. Italia ndiyo nchi ilimayo mpunga mwingi kupita nchi nyingine zote za Umoja wa Ulaya, na sehemu kubwa yake hutoka katika uwanda huu, kandokando ya miji ya Vercelli na Novara. Wakulima wa huko hupanda mahindi pia, na unga wake hupikwa chakula kiitwacho polenta. Mkenya akiandaliwa polenta hahitaji kufundishwa namna ya kuila, maana ni ugali, ila wenyewe huupika mlaini zaidi na pengine huutia jibini. Baada ya mashamba hayo msafiri huona mbele yake milima ya Alps yenye theluji, na chini ya milima hiyo, penye mto Po, ndipo ulipo mji wa Turin, ambao wenyeji huuita Torino.

Ni mji wa fahari. Ulikuwa makao makuu ya kwanza ya Ufalme wa Italia, tangu mwaka 1861 hata 1865, na barabara zake za katikati zina baraza ndefu zilizoezekwa, hata mtu aweza kutembea mwendo mrefu siku ya mvua asiloane. Katikati ya nyumba husimama mnara wa Mole Antonelliana, wenye urefu wa mita 167. Lakini sifa ya Turin duniani haikuletwa na wafalme. Imeletwa na motokaa na mpira. Kampuni ya Fiat ilianzishwa hapa mwaka 1899, na kiwanda chake cha Lingotto, kilichofunguliwa mwaka 1923, kilikuwa na barabara ya kujaribia motokaa juu ya dari yake. Motokaa iliundwa kuanzia chini, ikapanda ghorofa kwa ghorofa, ikamalizikia juu mbinguni ikizunguka.

Motokaa hizo zilihitaji mikono mingi. Kwa hiyo katika miaka ya 1950 na 1960 watu wengi sana walitoka kusini mwa Italia, yaani Napoli, Calabria, Puglia na Sicily, wakaja Turin kutafuta kazi. Walikuwa raia wa nchi hiyo hiyo na watu wa dini hiyo hiyo. Hata hivyo walikuta matangazo milangoni yasemayo kwamba chumba hakipangishwi kwa watu wa kusini. Msomaji wa Kenya ajua matangazo ya namna hiyo yalivyo, na ajua pia ya kuwa hayakumzuia mtu mwenye shida ya kazi. Wageni wale walikaa, wakazaa, wakazeeka. Leo nyumba nyingi za Turin zina bibi au babu aliyezaliwa kusini, na jambo hilo lafaa kukumbukwa, kwa maana litarudi katika habari za kiwanjani.

Klabu za mpira katika mji huu ni mbili. Torino iliundwa mwaka 1906. Juventus ni mkubwa wake, kwa kuwa ilianzishwa mwaka 1897 na vijana wa shule, nao wakaipa jina la Kilatini lenye maana ya ujana. Tangu mwaka 1923 Juventus imeshikwa na jamaa ya Agnelli, wenye kiwanda cha Fiat. Wachezaji wake huvaa mistari myeusi na myeupe, na kwa sababu hiyo huitwa punda milia, ingawa mnyama huyo hakupata kukanyaga nyasi za Italia ila katika bustani za wanyama.

Kiwanja chao kipo ukingoni mwa mji, upande wa kaskazini. Hapo zamani palikuwa na kiwanja kingine, Stadio delle Alpi, kilichojengwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la mwaka 1990. Kilichukua watu zaidi ya 60,000, lakini kilikuwa na njia ya wakimbiaji kuzunguka nyasi, na watazamaji walilalamika kwamba wachezaji walionekana kama siafu. Kikabomolewa. Kipya kilifunguliwa mwezi wa Septemba, 2011, nacho huchukua watu 41,000 hivi; kiliitwa Juventus Stadium mpaka mwaka 2017, kilipopewa jina la kampuni ya bima ya Allianz. Viti vya mbele vimo mita 7.5 tu kutoka mstari wa kiwanja. Mtazamaji aweza kuona jasho la mchezaji, na mchezaji aweza kusikia kila neno la mtazamaji. Wajenzi walikusudia hivyo, na walipata walichokusudia.

Je, husikia nini? Husikia nyimbo nzuri, kwa kuwa Waitalia ni watu wa kuimba. Husikia pia maneno ambayo baba mwenye heshima hawezi kuyatamka mezani pa chakula. Juu ya kilima cha Superga, ng'ambo ya mto, pana kanisa kubwa. Tarehe 4 Mei, 1949, katika ukungu, ndege iliyowachukua wachezaji wa Torino kutoka Lisbon katika nchi ya Ureno iligonga ukuta wa nyuma wa kanisa hilo. Watu wote 31 waliokuwamo walikufa, nao wachezaji walikuwa mabingwa wa Italia. Wako watu wa Juventus ambao, siku klabu hizi mbili zikutanapo, huwaimbia wenzao nyimbo za kuishangilia ndege ile. Nao wako watu wa Torino ambao hujibu kwa kuwacheka wafu wa Heysel. Huko ndiko, katika mji wa Brussels, tarehe 29 Mei, 1985, ukuta wa kiwanja ulipoanguka kabla ya fainali ya Juventus na Liverpool, watu 39 wakafa, na 32 kati yao walikuwa Waitalia. Miongoni mwao alikuwamo mtoto aliyekwenda na baba yake kutazama mpira. Wanaoimba hayo huwa na watoto wao kando yao, wengine mabegani.

Husemwa kwamba huo ni mzaha wa mpira na ya kuwa hakuna auchukuaye nyumbani. Mzaha wa watani una mipaka yake, na watani wa kwetu waijua: mtani hucheza na maiti, lakini hucheza kwa kuwa yupo matangani, amekuja kuzika.

Nyimbo mbaya kupita zote huwaendea watu wa Napoli. Huitwa wachafu. Hukumbushwa kipindupindu kilichoingia katika mji wao mwaka 1973. Mlima wa moto wa Vesuvius, ulio juu ya nyumba zao, huombwa uwamwagie moto wake. Nyimbo hizo husikika katika viwanja vingi vya kaskazini, lakini zikiimbwa Turin zina uchungu wa pekee, maana huenda mwimbaji mwenyewe ni mjukuu wa mtu aliyekuja na sanduku lake la mbao kutoka Napoli kufanya kazi ya Fiat. Amtukana babu yake naye hajui, au ajua na hajali.

Mwaka 2013 wakuu wa mpira wa Italia waliamua kwamba matusi ya namna hiyo, ya kumdharau mtu kwa ajili ya mahali atokako, yaadhibiwe pamoja na matusi ya rangi. Mnamo tarehe 10 Novemba mwaka ule Juventus iliifunga Napoli mabao 3 kwa 0 kiwanjani pake, na nyimbo zile zikaimbwa. Kwa ajili ya nyimbo dhidi ya watu wa Napoli majukwaa mawili yaliyo nyuma ya magoli, yaani makao ya washangiliaji wakali, yalifungwa. Mechi ya ligi iliyofuata hapo ilikuwa Jumapili, tarehe 1 Desemba, na wageni walikuwa Udinese, ambao nao huvaa mistari myeusi na myeupe.

Juventus hawakupenda kucheza mbele ya viti vitupu. Wakaomba ruhusa, na ruhusa ikatolewa, kwamba majukwaa hayo yajazwe watoto wa chini ya miaka 13 kutoka shule na timu za watoto, bila kulipa. Hilo halikuwa jambo geni kabisa. Miaka miwili nyuma, tarehe 20 Septemba, 2011, klabu ya Fenerbahçe ya Istanbul, huko Uturuki, ilipokatazwa kuingiza watazamaji kwa sababu ya fujo, waliingizwa wanawake na watoto peke yao, zaidi ya 41,000. Wageni wa Manisaspor walipokewa kwa makofi mahali pa zomeo, wachezaji wakawarushia watazamaji maua, na mchezo ukaisha 1 kwa 1. Picha zake zilizunguka dunia nzima. Watu wa Turin walikuwa na haki ya kutumaini kuona jambo kama hilo.

Wakaja watoto zaidi ya 12,000. Walijaza pande zote mbili, wakapeperusha bendera, wakaimba kwa sauti nyembamba zilizo kali kuliko za wakubwa, na klabu ikapamba mahali pote kama siku ya sikukuu. Aliyeviona viti hivyo juma tatu nyuma angedhani kiwanja kimefuliwa kwa sabuni.

Katika viwanja vya Italia ipo desturi moja. Mlinda goli wa wageni awekapo mpira chini ili aupige kutoka golini, watu huanza kuvuta sauti moja ndefu, yapanda na kupanda anapokimbilia mpira, na mguu ugusapo mpira hupasuka wote kwa neno moja. Neno hilo ni la chooni, haliandikwi hapa. Sasa mlinda goli wa Udinese siku ile alikuwa Željko Brkić, mtu wa Serbia. Aliweka mpira chini. Wale watoto wakaanza kuvuta sauti yao, ikapanda, akakimbia, akapiga, na neno likatoka katika vinywa vya maelfu ya watoto, kwa pamoja, bila kukosea hata kidogo. Alipopiga mara ya pili walifanya vivyo hivyo. Waliendelea hivyo mchezo mzima, kila mara mpira ulipowekwa chini.

Hakuna aliyewafundisha asubuhi ile. Kwaya ya kanisa hufanya mazoezi juma zima, na bado wako wanaotangulia na wanaochelewa; watoto hawa, wengi wao wasiojuana, waliliimba neno kwa mpigo mmoja kama waliozaliwa nalo. Walikuwa wamelisikia wakiwa wamekaa kando ya baba zao, au mbele ya televisheni sebuleni, au penye ua wa viwanja vyao wenyewe vya Jumamosi, ambapo wazazi husimama wakimtukana refa aliye kijana wa miaka 16. Lililo zito ni kwamba hawakuwa na chuki. Brkić hakuwakosea kitu, na wengi hawakujua jina lake kabla ya siku ile. Walilitamka neno kwa furaha, nyuso zikicheka, kama sehemu ya mchezo wenyewe, mfano wa kona au wa kurusha mpira kwa mikono. Mtu mzima atukanapo angalau ajua kwamba ametukana.

Juventus walishinda kwa bao 1 la Mhispania Fernando Llorente, lililopatikana dakika za nyongeza, na watoto wakalishangilia kama inavyopasa. Kisha hakimu wa ligi akasoma taarifa za wasimamizi wake, na klabu ikatozwa faini ya euro 5,000 kwa sababu ya matusi ya watazamaji wake wachanga. Magazeti ya nchi nyingi yalicheka. Watu wengine waliona hakimu amekuwa mkali mno, kwa kuwa watoto ni watoto, na neno lile husikika kila Jumapili katika viwanja vingi bila mtu kutozwa senti. Hoja yao ya mwisho ilikuwa ya kweli, na ndiyo ifaayo kuwasumbua. Wakubwa wakiliimba, ni kelele za kawaida. Watoto wakilirudia neno lile lile, ni habari ya dunia. Lakini hakimu angefanya nini? Angeacha, angesema tusi limekuwa halali kwa mwenye kimo kifupi. Faini ikamwendea mwenye kiwanja, maana ndiye aliyekuwa na anwani. Walimu wenyewe wa neno lile, waliokuwa wamefungiwa nje kwa nyimbo zao au wamekaa majukwaa ya pembeni kwa tiketi za bei kubwa, hawakutozwa kitu, wala hakuna kitabu ambamo wangeweza kuandikwa.

Baada ya adhabu kwisha majukwaa yalirudishwa kwa wenyewe. Sheria ya kufunga majukwaa imebishaniwa sana tangu hapo, na nyimbo juu ya Vesuvius zimesikika tena mara nyingi, Turin na kwingineko. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 siku ile ya Udinese alitimiza miaka 20 mwaka 2023. Hapewi tena nafasi ya bure. Hununua tiketi kwa fedha yake, hukaa nyuma ya goli apendako, na baadhi ya wenzake wameanza kuja na watoto wao.