Usikimbilie Kutazama

Jambo nitakalolisimulia leo halinipatii sifa. Hata hivyo nalisimulia, kwa maana huenda likaokoa mtoto wa mtu.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 23 Machi 2013, mkesha wa Jumapili ya Matawi. Siku ile wapiganaji wa Bakata Katanga, watu mamia, waliingia Lubumbashi kwa miguu, wengine na bunduki, wengine na silaha za jadi. Walifika hata uwanja wa Moïse Tshombe, katikati ya mji, wakapandisha bendera ya Katanga. Askari wakawakabili. Watu zaidi ya 30 walikufa, na wapiganaji zaidi ya 200 wakajisalimisha kwenye kambi ya Umoja wa Mataifa.

Sisi tulikuwa nyumbani, Kamalondo. Tuliposikia milio, mama alisema, “Ingieni ndani, fungeni mlango.” Mimi nilikuwa kijana wa seminari, nikajiona mwenye akili. Nikamshika mkono mdogo wangu wa miaka 9, tukatoka barabarani kutazama. Watu walikuwa wengi pale, wakicheka kana kwamba wanangoja mchezo wa mpira. Mara risasi zikalia karibu. Umati ukageuka kama maji ya mto, na mkono wa mtoto ukanitoka.

Nilijilaza nyuma ya ukuta muda mrefu, nisijue kama yu hai. Milio ilipokoma nikamkuta kwa jirani yetu, mama mmoja mwenye asili ya Kasai. Alikuwa amemvuta kwa shati, akamlaza chini jikoni pamoja na watoto wake, mbali na dirisha. Mtoto aliponiona aliniuliza neno moja tu: “Yaya, mkono wako ulikwenda wapi?” Sikuwa na jibu.

Kosa langu si langu peke yangu. Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998, watu waliokuwa maofisini walisikia kishindo cha kwanza, wakaenda madirishani kutazama. Ndipo bomu kubwa likalipuka penye ubalozi wa Marekani. Watu zaidi ya 200 walikufa, na wengi walipoteza macho kwa vipande vya vioo. Wahenga walisema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Basi, tufanyeje? Ukisikia milio, usiifuate. Kama njia ya kuondoka ni salama, ondoka upesi, uache mizigo. Kama si salama, ingia ndani, ufunge, ulale chini nyuma ya ukuta wa matofali, mbali na kioo. Nyamazisha simu. Askari wakija, usikimbie mbele yao; onyesha mikono mitupu, utii wanachosema.

Milio ikikoma, hatari haijaisha. Usikusanyike penye maiti wala penye moshi, kwa maana pigo la pili huweza kufuata. Watoto wasiokote risasi wala chuma wasichokijua. Mtu akitokwa damu nyingi, gandamiza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachia, hata msaada ufike. Na watoto wakiogopa usiku, msiwacheke. Waambieni ukweli kwa maneno machache, mkae nao.

Tena kuna hatari ya ulimi. Jioni ile ile nilisikia kijana mmoja mtaani akisema kwamba kabila fulani ndilo lililoleta maafa. Sisi wa Katanga tunajua maneno kama hayo yalitufikisha wapi: miaka ya 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Nikamwambia kijana yule ni nani aliyemficha mdogo wangu. Akanyamaza. Habari usiyoijua asili yake, usiipeleke mbele, wala kwa mdomo wala kwa simu.

Mdogo wangu sasa ni mtu mzima, naye huniita Yaya kama zamani. Lakini swali lake sijalisahau. Kwa hiyo, wazazi, leo jioni baada ya kula bukari, waonyesheni watoto wenu mahali pa kulala chini nyumbani mwenu, na nyumba ya jirani wanayoweza kuikimbilia. Nanyi wanafunzi, mama akisema “Ingieni ndani,” ingieni.